Tufike Sisi, na Pesa ya Watu Ifike

Habari za jioni jamani. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, na nyie vijana wa huko nyuma mambo vipi. Asanteni sana kwa kuja, najua leo ni siku ya kazi na wengine mmetoka kazini moja kwa moja, naona kuna mtu bado ana ovaroli. Nimeombwa niongelee hizi safari za baiskeli za hisani, maana kama mnavyojua klabu yetu inataka mwezi wa saba mwishoni itoke hapa Morogoro mpaka Singida kuchangisha pesa za kununulia wanafunzi baiskeli, na mwenyekiti kaniambia maswali ni mengi, inakuwaje, nani analipa nini, na hivi kweli miguu itafika? Ntaanza na pesa. Miguu huwa inafika.

Kwanza niseme hili jambo sio la wazungu kama mtu mmoja alivyoniambia juzi pale stendi. Wazee hapa mnakumbuka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vijana walitembea kwa miguu kutoka mikoani kuliunga mkono, na mwezi wa kumi mwaka huohuo Mwalimu mwenyewe akatoka Butiama akatembea mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200, rais wa nchi huyo, kwa miguu yake. Na sasa hivi kuna Twende Butiama, tangu 2019 watu wanatoka Dar na baiskeli mpaka kijijini kwa Mwalimu kumuenzi, wanafika karibu na tarehe 14 Oktoba, na njiani wanapanda miti, wanatoa madawati, watu wanapimwa afya. Kwa hiyo mtu kutumia mwili wake barabarani kwa ajili ya jambo kubwa kuliko yeye, hiyo iko kwetu siku nyingi. Ambacho bado hatujakizoea ni upande wa hesabu, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kuna safari moja ya Marekani naipenda sana jinsi ilivyopangwa, inaitwa Pan-Mass Challenge, iko jimbo la Massachusetts. Aliyeianzisha ni Billy Starr, mama yake alikufa kwa kansa, na 1980 akakusanya watu 36 wakaendesha kutoka Springfield mpaka Provincetown huko baharini, kama kilomita 350 hivi, wakapata dola 10,200 wakazipeleka kwenye hospitali ya kansa ya Dana-Farber pale Boston. Dola elfu kumi, watu 36. Leo hii ile safari imeshachangisha zaidi ya dola bilioni 1 tangu ianze. Bilioni jamani! Sasa mtu atasema ah, Wamarekani wana hela. Ni kweli wana hela, lakini safari za baiskeli za hisani kwao ziko nyingi sana na hazijafika huko, kwa hiyo kuna kitu hawa wamefanya, na mi naona ni vitu viwili. Cha kwanza, pesa yote anayochangisha muendeshaji inaenda hospitali, yote, haikatwi hata kidogo ya maturubai wala ya chakula, gharama za safari zinatafutiwa hela yake pembeni, ada za washiriki na wadhamini. Cha pili, ukijiandikisha unaahidi kiasi, na usipokitimiza kile kilichobaki kinakatwa kwenye kadi yako ya benki. Ahadi ni deni, na wao wameichukua hivyo kweli, sio kama sisi tunavyoisema msibani na harusini alafu mtu akipigiwa simu hapokei.

Na kuna upande wa pili wa hiyo hadithi. California kulikuwa na AIDS/LifeCycle, San Francisco mpaka Los Angeles, maili 545, karibu kilomita 880, siku saba wanalala kwenye mahema, kuchangia huduma za watu wenye VVU. Safari za namna hiyo kwenye ile njia zilianza miaka ya 90, kipindi ambacho watu walikuwa wanazika marafiki zao kila wiki, na walikuwa wanaendesha huku wamebandika picha za marehemu nyuma ya siti. Ilichangisha mamia ya mamilioni ya dola. Lakini mwaka 2025 mwezi wa sita waliendesha mara ya mwisho, wakasimamisha, kwa sababu kuendesha kile kitu chenyewe kumekuwa ghali mno na washiriki wamepungua, ikafika mahali safari inakula kile inachotafuta. Safari nzuri kabisa, watu wa mioyo mizuri, na bado gharama iliwashinda. Mi hili linanikaa sana kichwani kwa sababu sisi ni klabu ndogo ya Morogoro, gharama hazitatusubiri miaka thelathini, zinaweza kutumaliza mwaka wa kwanza tu.

Maana hebu tuseme ukweli tunavyofanyaga. Tunaanza na fulana. Fulana lazima ziwe na nembo mbele na nyuma, alafu kofia, alafu bango, alafu mgeni rasmi lazima awepo na mgeni rasmi hakai juani kwa hiyo turubai, viti vya kukodi, mziki, MC, maji ya chupa, chakula cha meza kuu, mpiga picha na drone. Kuna msafara mmoja, siutaji, uliwahi kupita na kuchangisha watu wa masokoni, mama wa mbogamboga anatoa mia tano yake, na mwisho wa siku kilichofika kwa wale waliokuwa wanachangiwa ni maboksi ya madaftari na picha. Hakuna aliyeiba. Zililiwa na fulana na turubai, kihalali kabisa, na risiti zipo. Yule mama wa mbogamboga hakutoa mia tano yake kwa ajili ya drone.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa klabu, na naomba tulijadili leo hii tusiliahirishe, ni kwamba gesti yetu, chakula chetu, mafuta ya gari la huduma, tyubu zetu, vyote mfukoni kwetu sisi tunaoendesha. Asiye na uwezo wa kujilipia tumsaidie kama wana klabu, kimya kimya, kwa mchango wa ndani, lakini isiguse sanduku la wanafunzi. Fulana tuachane nazo, kila mtu avae rifleki jaketi zile za mafundi wa barabara, bei yake ndogo na zinaonekana mbali kuliko fulana yoyote. Mgeni rasmi awe mkuu wa shule tunayoenda.

Pesa ikae benki, akaunti ya klabu, wasaini watatu, isikae kwenye simu ya mtu hata kama huyo mtu ni mchungaji au shehe. Na kila usiku tukiwa njiani mweka hazina anaandika kwenye grupu, leo imeingia kiasi hiki, jumla kiasi hiki. Tunajua kufanya haya mambo bwana, nani hapa hajawahi kukaa kamati ya harusi? Kadi zinagawiwa, ahadi zinaandikwa, watu wanafuatiliwa mpaka ofisini kwao, kikao kila jumapili, na milioni kadhaa zinapatikana ndani ya miezi miwili zinaliwa usiku mmoja. Ufundi tunao. Tuuchukue ule ule, na daftari lile lile, tuupeleke kwenye baiskeli.

Sasa kwa nini baiskeli na sio madawati au saruji. Nimeulizwa sana hili, na nimelifikiria. Ada ya sekondari ilifutwa 2016, jambo kubwa, lakini umbali haukufutwa. Mwalimu mmoja wa shule ya kata, huko njia ya Singida, alinionyesha daftari lake la mahudhurio, ameandika pembeni ya kila jina kitongoji anachotoka mtoto na kilomita zake kwa kalamu nyekundu, mbili, sita, nne, tisa, kumi na moja. Kumi na moja! Kwenda tu. Akanionyesha majina ya wanaotoka mbali alafu akashuka na kidole kwenye alama za utoro, mi sikuhitaji kuambiwa kitu. Na mtoto wa kike anayetembea kilomita tisa alfajiri anapita anapigiwa honi na bodaboda, panda nikusogeze, leo lifti bure, kesho bure, mwezi ukiisha lifti inadaiwa. Kila mzazi hapa anajua habari za hizo lifti zinaishia wapi. Baiskeli yake mwenyewe inamtoa kwenye hayo mazungumzo, anapita zake.

Hili limeshapimwa pia, sio hisia zangu. Zambia, shirika la World Bicycle Relief waliwapa wasichana wa shule wanaokaa zaidi ya kilomita 3 baiskeli, na watafiti wakawafuatilia wakilinganisha na wale ambao hawakupewa. Muda wa njiani ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja na utoro ukashuka kwa zaidi ya robo. Hilo shirika lilianza 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, likaona baada ya maafa mtu akipata baiskeli anafika kazini, shuleni, zahanati, na baadae likaja Afrika, hata Kisumu hapo jirani wapo. Baiskeli yao ni ya chuma, nzito, haina madoido, breki ya nyuma ni ile ya kurudisha pedali kwa hiyo hakuna waya wa kukatika, na karia lake linabeba mpaka kilo 100. Mnaona wanafikiria nini? Mtoto atapakia mdogo wake, atapakia dumu la maji, atapakia debe la mahindi kupeleka mashineni. Ukimpa baiskeli ya gea 21 yenye shokapu ya maonyesho umempa mzigo wa kutengeneza.

Na jambo jingine wanalofanya ambalo naomba tuliige bila aibu, baiskeli haikabidhiwi ikaishia hapo. Kuna kamati pale shuleni, mzazi, mwalimu, mwanafunzi, mtu wa kijiji, hao ndio wanaamua nani anastahili, sio sisi wapita njia. Mtoto na mzazi wanaweka saini kwamba atahudhuria masomo, akimaliza ile miaka inakuwa mali yake moja kwa moja. Na kuna fundi aliyefundishwa karibu na shule, na spea zinapatikana. Mi nimeshaingia shule nikakuta nyuma ya stoo baiskeli zimelaliana, rimu zimepinda, tairi zimekwisha, zililetwa kwa ngoma na vigelegele, mvua mbili tu zikawa vyuma. Kwa hiyo kwenye bajeti yetu kila baiskeli iende na pampu, tyubu moja, pesa ya spea ya mwaka, na tumtafute kijana wa kijiji kilekile anayejua ufundi tumuongezee vifaa. Itapunguza idadi, najua. Nipo tayari tupeleke baiskeli chache zinazotembea. Na nyie mnaopiga picha, tafadhali, watoto wasipangwe mstari juani wakishika baiskeli kama wafungwa wanaohesabiwa. Picha ya mtoto ni ya mzazi wake, aulizwe kwanza.

Haya, barabara. Naona nyuso zinachangamka, hili ndio mlilojia.

Morogoro mpaka Singida ni kama kilomita 500. Tunaigawa hivi, siku ya kwanza Gairo, siku ya pili Dodoma, tunapumzika siku nzima Dodoma, alafu Manyoni, alafu Singida. Kila siku ni kama kilomita 120 au 130, na ukisikia hiyo namba usishtuke, mtu wa kawaida mwenye mazoezi ya miezi mitatu anaenda, tena bila kukimbia, mwendo wa kilomita 18 kwa saa ukiweka na mapumziko unafika jua halijazama. Tunaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwezi wa saba kumekauka, asubuhi kuna baridi, upepo wa kusi unavuma unatusukuma mgongoni tunavyoelekea magharibi, hii ndio sababu tunaenda Singida na haturudi kwa baiskeli. Na tusisogeze tarehe hata wiki moja, tukigongana na Nane Nane pale Dodoma gesti zote zinajaa tutalala kwenye ofisi ya kata.

Mpaka Dumila ni tambarare, nyanya na vitunguu barabarani, watu wataongea na kucheka. Baada ya hapo barabara inaanza kupanda kwenda Gairo na hapo ndipo wengi wanakosea gea, wanasubiri mpaka mguu umeshalia ndio wanapunguza. Punguza mapema, miguu izunguke haraka haraka bila nguvu, usishindane na mtu, mlima haukimbii. Kuleni kabla ya kusikia njaa, kunyweni kabla ya kiu, na maji matupu peke yake hayatoshi, weka chumvi kidogo na sukari au ORS za dukani, maana ukitoka jasho siku nzima unatoa chumvi na ukinywa maji tu kichwa kitauma na misuli itakaza. Mchana ndizi, chapati, machungwa, viazi. Ugali mzito na nyama tuuachie jioni. Kibaigwa tukipita siku ya soko la mahindi itabidi tushuke tusukume, malori yanageuza kila upande.

Siku ya Manyoni ndio siku yenyewe. Mnatoka Dodoma mnashuka kwenda Bahi, kumefunguka, jua, kisha mbele mnaona ukingo wa Bonde la Ufa umesimama kama ukuta na barabara inaingia humo. Mi naipenda ile sehemu kuliko zote. Ndani ya basi mtu hajui hata kama amepanda, amelala, lakini kwenye baiskeli unaijua kila kona, unasikia harufu ya udongo ikibadilika, watoto wanakimbia pembeni yako wanakuuliza unaenda wapi na una muda wa kuwajibu. Ndio maana naamini hii ni njia nzuri ya kuchangisha kuliko chakula cha hisani hotelini. Ukifika kwenye ile shule umeshaupima umbali kwa mwili wako, hutaongea na yule mtoto kama mtu aliyeshuka kwenye gari.

Huko pia kuna mbigili. Vimiba vidogo vina pembe, hata ukivitupa vinaangukia mguu mmoja juu. Mtapata pancha, kila mmoja wenu, kwa hiyo jifunzeni kuziba sasa hivi nyumbani. Niliwahi kukaa na fundi mmoja pale Manyoni chini ya mti nikamwangalia kazi yake, kijana mdogo tu. Alitoa tyubu kwa vijiko viwili, akaijaza upepo, akaipitisha kwenye beseni la maji taratibu, viputo vikatoka, akaweka alama kwa njiti ya kiberiti. Akakausha, akakwangua na kipande cha kopo alichokitoboa misumari, akapaka solusheni. Hapo ndipo wengi wetu tunaharakisha. Yeye aliiacha, akahudumia mteja mwingine wa breki, akarudi akaigusa kwa kidole ikawa haina ung'aavu tena, ndio akabandika kiraka akakigonga na nyundo juu ya stuli. Alafu kabla hajarudisha tyubu akaingiza vidole ndani ya tairi akapapasa mzunguko mzima, polepole, na akatoa mwiba wa pili ambao ungenitoboa tena mbele ya kilomita moja. Nilimlipa zaidi ya alichotaja na bado naona sikumlipa vya kutosha. Mafundi kama hawa ndio tunataka wawe na zile baiskeli za wanafunzi mkononi.

Usalama nitauongea kwa ukali kidogo mnisamehe. Hii ni barabara ya malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, yanapita usiku na mchana, na lori refu likikupita linakuvuta. Tunaenda mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwenzie, hakuna kwenda wawili wawili mnapiga soga. Helmeti ni lazima, asiye na helmeti haondoki, hata kama ni mwenyekiti. Taa nyekundu nyuma iwake mchana pia. Gari la huduma linakaa nyuma na hazadi, na matrafiki wa kila mkoa wanapewa taarifa kwa barua mapema, pamoja na ofisi za wilaya na watendaji wa kata tunakopita. Anayeanza kuona kizunguzungu anashuka anapanda gari, na hakuna mtu wa kumcheka, wachangiaji wake wamechangia wanafunzi, mchango wake unabaki palepale.

Kwa wale mnaosema baiskeli yangu ni Phoenix ya zamani, je naruhusiwa. Unaruhusiwa, tena karibu sana, mradi breki zishike, spoki zote ziwepo, na siti iwe kwenye urefu wako. Pima hivi, kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukiwa umekunja goti kama unakaa kigoda, Dumila hutafika, magoti yatakataa. Watu wengi sana hapa mjini siti zao ziko chini, nawaona.

Daftari la majina lipo hapo mlangoni kwa katibu. Andika jina, kiasi unachoahidi kuchangisha, na tarehe utakayokuwa umekitimiza, kisha saini. Kama huendeshi lakini unataka kuchangia kuna ukurasa wako pia, hata elfu moja inaandikwa. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunakutana Msamvu tunaenda Mikese na kurudi, mazoezi ya kwanza, mje na maji chupa mbili na tyubu ya akiba. Fundi wa klabu atakuwepo kuanzia saa kumi na moja na nusu kukagua breki bure. Maswali nayapokea sasa, tuanze na mama pale mwenye kitenge cha bluu, nimeona umenyoosha mkono muda mrefu.